Mtoto wangu anaumwa, maombi hayajibiwi: je, imani yangu ndiyo ndogo?

SWALI: "Bwana Yesu asifiwe, mchungaji, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kanda ya Ziwa. Binti yangu wa pili ana miaka saba na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tumelazwa mara nyingi hata sihesabu tena. Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka. Mwaka huu mtumishi mmoja aliniambia ugonjwa huu ni laana ya ukoo kutoka kwa bibi yangu, na kwamba kila nikimpa mtoto vidonge ninakiri ugonjwa badala ya kukiri uzima. Akataka nilete sadaka ya ukombozi, shilingi laki tatu, na niache dawa. Sijaacha, lakini kila nikimpa moyo unanishtaki. Mimi ndiye kiongozi wa maombi katika kikundi chetu cha akina mama, na ukweli ni kwamba siku hizi siwezi hata kuomba. Usiku mtoto akilia miguu najikuta namwambia Mungu maneno mabaya. Juzi nilitamani tulale wote wawili tusiamke. Je, Mungu ameniacha kwa sababu ya udhaifu wangu? Kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa katika hali kama hii? Na je, nijiuzulu uongozi?"

JIBU: Marahaba, mama. Amina, jina lake lisifiwe.

Naanza na ile sentensi uliyoichomeka karibu na mwisho kana kwamba ni ya kupita tu, kwamba ulitamani mlale wote wawili msiamke. Katika kazi yangu ya uchungaji wa hospitali nimeisikia kwa akina mama wanaouguza kwa muda mrefu, wengine wakiwa wacha Mungu kweli kweli. Sishangai na sikuhukumu. Lakini siwezi kuendelea na mafundisho nikaiacha nyuma. Kama wazo hilo linarudi, au limeanza kuja na mpango wa namna na wakati, acha kusoma hapa. Mwamshe mtu mzima aliye karibu, mwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia, asikuache peke yako na mtoto, na muende hospitali leo. Kama lilikuja mara moja likapita, bado siku ya kliniki ya binti yako mwambie daktari kwamba na wewe unaumwa. Kukesha miezi na miezi huku ukihofia uhai wa mwanao kunaweza kumletea mtu sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Kuwa nayo si kuanguka kiroho.

La pili nalisema waziwazi kabla ya kulieleza: usiache dawa.

Sasa tuingie kwenye swali. Nimekusoma zaidi ya mara moja, na naona maswali yako yote yanatoka kwenye hofu moja: kwamba kuna kiwango fulani cha imani ambacho ungekifikia mtoto angepona, hukukifikia, kwa hiyo anayeumia usiku anaumia kwa kosa lako. Mzigo huo haukutoka kwa Mungu. Umetoka kwenye mafundisho, na mafundisho hayo yana makosa tunayoweza kuyataja moja baada ya jingine.

Tuanze na laana. Mtumishi yule aliona jambo la kweli, kwamba selimundu hufuata koo. Alichokosea ni sababu. Ugonjwa huu hurithiwa kwa vinasaba, yaani chembe za urithi tunazopokea kwa wazazi, na ili mtoto auugue lazima apokee kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Wazazi wenye kinasaba kimoja kimoja kwa kawaida ni wazima, huenda wasijue maisha yao yote. Wanapokutana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo bibi yako peke yake asingeweza kulileta jambo hili, hata angefanya nini. Na kwa nini liko sana kwenu Kanda ya Ziwa? Kwa sababu mwenye kinasaba kimoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, penye malaria nyingi, watu hao walinusurika utotoni wakakua, wakazaa, na kinasaba kikaendelea. Hicho unachoambiwa ni laana ndicho huenda kilichomvusha mmoja wa wazee wako utotoni, ukazaliwa wewe.

Najua watakusomea Kutoka 20, uovu wa baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Wasomee Ezekieli 18. Israeli walikuwa wameigeuza hoja hiyo kuwa methali ya kujitetea, kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu akaikataa waziwazi: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kisha wapeleke Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Mama, zingatia kwamba wanafunzi waliuliza hivyo wakiwa wamesimama mbele ya kipofu mwenyewe, anawasikia. Ndivyo ulivyofanyiwa wewe na mtoto wako.

Sisemi kwamba dhambi haina madhara. Mlevi anayepiga familia yake huwaachia watoto majeraha, na hilo lina jina lake na toba yake. Lakini kuchukua ugonjwa wa mtoto wa miaka saba na kumtafutia mkosaji kwenye kaburi la bibi ni kitu kingine kabisa, hasa dawa yake inapokuwa laki tatu taslimu. Elisha alipomponya Naamani alikataa zawadi zake zote, na mtumishi wake Gehazi, aliyemkimbilia Naamani kwa siri ili achukue fedha, aliondoka na ukoma. Hiyo ni 2 Wafalme 5. Isome kabla hujauza mbuzi.

Kuhusu dawa na imani, nitakupa sehemu tatu tu za Biblia. Isaya alimletea Hezekia neno la Bwana kwamba atapona. Ahadi imetoka kwa Mungu mwenyewe, haina shaka. Baada ya ahadi hiyo nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyesema kwamba zile tini zimekana ahadi. Paulo, ambaye kwa mikono yake watu waliponywa, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia akiri uzima wa tumbo. Na katika waraka wa pili kwa Timotheo ameandika kwa ufupi kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Mtume anaondoka, rafiki anabaki kitandani, na hakuna lawama ya imani iliyoandikwa kwa mmoja wao.

Sasa nikueleze kwa nini moyo wako unakosea unapokushtaki. Mtoto mwenye selimundu, seli zake nyekundu za damu hupoteza umbo la mviringo, zikawa ngumu na kupinda mfano wa mundu, kisha hukwama kwenye mishipa midogo. Penye mfupa ambapo damu imekwama ndipo penye yale maumivu anayolilia. Baridi, kiu, homa na uchovu huyachochea. Foliki asidi humsaidia kutengeneza damu mpya, na haidroksiurea, kama daktari amempa, hupunguza idadi ya mashambulizi hayo. Kwa hiyo kila unapompa kidonge unatenda upande uleule wa maombi yako. Unaomba asiumie, na mkono wako unafanya jambo linalopunguza kuumia. Sioni penye ugomvi.

Huko kukiri uzima kunanitia wasiwasi kwa sababu nyingine pia. Mzazi akishaambiwa asiutaje ugonjwa, humficha hata mwalimu. Mwalimu wa binti yako anapaswa kujua kwamba mtoto huyu anahitaji chupa ya maji darasani, ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi, sweta asubuhi, na kwamba akisema miguu inauma haigizi. Ukimya wa namna hiyo hauna imani ndani yake, na anayelipa ni mtoto.

Tumefika kwenye udhaifu wako mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Wakristo wengi tunaijua 2 Wakorintho 12 kwa kipande kimoja: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Tunakiandika kwenye kalenda na vioo vya daladala. Lakini angalia Paulo alikuwa anajibu nini. Korintho walikuwa wameingia wahubiri hodari, wenye ufasaha na simulizi za maono, nao walikuwa wakimdharau Paulo: barua zake nzito, lakini akija mwenyewe ni mtu dhaifu, wala hajui kuzungumza. Watu wakamtaka naye atoe vyeti vyake. Akakubali kujisifu, na akachagua nini? Mapigo, kuvunjikiwa na jahazi, njaa, kukesha mara nyingi, na usiku ule wa Dameski alipoteremshwa ukutani ndani ya kapu kama mzigo ili asikamatwe. Kisha, baada ya kugusia ufunuo wa miaka kumi na minne nyuma, anauleta mwiba. Biblia haisemi ulikuwa ugonjwa gani au taabu gani, na anayekuambia anajua anabahatisha. Inasema tu kwamba Paulo alimsihi Bwana mara tatu umtoke, na haukumtoka.

Bwana wetu mwenyewe, Gethsemane, aliomba mara tatu akisema maneno yaleyale kwamba kikombe kimwepuke. Hakikumwepuka. Kama ombi lisilojibiwa kama lilivyoombwa ni ushahidi wa imani ndogo, basi tuna la kuwaeleza hawa wawili kwanza.

Wala usigeuze jambo hili upande wa pili ukadhani ugonjwa ni zawadi nzuri ambayo hujui kuishukuru. Paulo aliuita mwiba wake mjumbe wa Shetani, na aliuombea uondoke. Hutakiwi kuupenda ugonjwa wa mwanao. Mungu hakumwambia Paulo kwamba mwiba ni mzuri. Alimwambia kwamba neema itatosha mwiba ukiwepo. Sababu yake Paulo ameitaja mwanzoni mwa waraka huohuo, katika sura ya 1. Anasema kule Asia walilemewa "mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi", ili wasijitumainie nafsi zao bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Soma tena maneno hayo. Mtume ameandika kwamba alikata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo mtu akikuambia Mungu hampi mtu mzigo unaomzidi, mwambie kwa upole kwamba hilo halimo katika Biblia. Lile andiko la 1 Wakorintho 10 linazungumzia vishawishi vya kumwacha Mungu na kufuata sanamu, kwamba njia ya kutokea ipo. Halisemi hutazidiwa na maisha. Paulo alizidiwa, na wewe umezidiwa.

Na kuzidiwa ndiko kunakobadilisha jinsi tunavyomtegemea Mungu. Tukiwa na nguvu, tunaegemea nguvu zetu na kumwongeza Mungu juu yake. Funga yako, mkesha wako, sauti yako ya kuongoza maombi, vyote vizuri, lakini taratibu mtu huanza kuviamini hivyo. Vikiisha, ndipo tunajua tulikuwa tumeegemea wapi. Umembeba mtoto mgongoni, unajua: akipitiwa na usingizi mikono yake hulegea, na haanguki, kwa sababu kilichomshika ni kanga uliyomfungia, si vidole vyake. Isaya 46 inamtaja Mungu akiwabeba watu wake tangu tumboni hata wakati wa mvi. Vidole vyako vimelegea, mama. Hilo ndilo lililotokea. Sioni popote katika barua yako kwamba Mungu amekuacha.

Nikuambie ukweli pia: nguvu inayokuja katika udhaifu mara nyingi haionekani kuwa nguvu. Usitegemee lazima joto moyoni. Katika wodi ya watoto huonekana hivi: saa nane usiku mama anachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, anakikamua, anakizungushia muundi wa mtoto, anamnywesha maji kidogo kidogo kwa kijiko, anakichovya tena. Haimbi, hanukuu andiko. Hadi alfajiri hajaondoka. Ukiniuliza kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa, nitaanzia hapo. Kisha nitaongeza sentensi moja fupi isiyohitaji nguvu. Baba wa yule mtoto wa Marko 9, aliyekuwa akianguka motoni na majini, aliomba hivi: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha akatafute imani iliyokamilika; alimponya mtoto wake kwa hiyohiyo ya nusu. Ukishindwa hata hiyo sentensi, Warumi 8 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Wakati huo acha wengine waombe kwa sauti, wewe ugua.

Yale unayoyaita maneno mabaya, ningependa kuyasikia. Nadhani yako karibu sana na Zaburi. "Ee BWANA, hata lini utanisahau?" ni Zaburi ya 13. Ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna mstari wa ushindi mwishoni, na bado wana wa Kora waliiimba ibadani. Nyimbo za maombolezo ni nyingi mno katika kitabu kile. Makanisa yetu yamejifunza kumpa kipaza sauti yule tu aliyeshinda: aliyepata kazi, aliyepona, aliyejenga. Aliye katikati ya shida anaambiwa asubiri hadi awe na ushuhuda. Ndiyo maana unadhani uko peke yako. Ayubu alisema makali kuliko yako, na mwishoni Mungu aliwakasirikia rafiki zake waliokuwa na maelezo, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Anayemgombeza Mungu usiku bado anazungumza naye.

Je, uendelee kuomba uponyaji? Ndiyo, omba. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Waite waje nyumbani, bila bei. Mungu huponya, nami siwezi kumwekea mipaka. Lakini sitakuahidi kwamba binti yako ataponywa hivyo, na asiyekuahidi hilo hajakosa imani. Amekataa tu kusema asilolijua. Omba uponyaji, na omba pia usiku wa leo upite bila maumivu, dawa zisikosekane, wewe upate saa nne za usingizi. Maombi madogo si ya daraja la chini. Usifunge kula kipindi unachouguza. Eliya alipochoka akaomba kufa chini ya mti, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, Horebu.

Mimi si daktari, lakini kuna mambo ambayo madaktari wa watoto hawa husisitiza kila siku na yasingoje ibada iishe. Homa, hasa ikifika nyuzi 38.5, kwa sababu wengu wa watoto hawa huharibika mapema na maambukizi huwashinda haraka. Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua. Kupauka ghafla na tumbo upande wa kushoto kuvimba. Mkono au mguu kulegea upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kukwama. Maumivu ambayo dawa ya nyumbani haiyatulizi. Hayo ni ya kukimbia hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na maombi yafanyike njiani. Kama gharama ndizo zinakuchelewesha, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Kazi yao mojawapo ni kuwasikiliza wasioweza kulipa. Na kabla ya mimba nyingine, wewe na baba watoto muongee na kliniki, na watoto wale wengine wapimwe. Hukutaja mumeo yuko wapi katika haya yote. Kama yupo, akeshe zamu yake.

Kwa yule mtumishi, huna haja ya mabishano. Mwambie umeamua mtoto aendelee na matibabu na hutaleta sadaka ile. Akikutisha kwamba jambo baya litatokea, mpelekee habari hiyo mchungaji wako au mzee wa kanisa unayemwamini, kwa sababu wewe si mama pekee atakayemfuata. Na mtoto akija kuumwa tena, maana ugonjwa huu hurudi, usikubali mtu akuambie ni kwa sababu ulimkatalia.

Uongozi wa maombi, omba mapumziko, usijiuzulu kwa aibu. Mwambie katibu wa kikundi kwamba unamuuguza mtoto na mwenyewe umechoka, na kwamba kwa sasa wewe ndiye wa kuombewa. Huhitaji kueleza zaidi ya hapo. Kisha chagua mama mmoja kati yao, asiye na maneno mengi, umwombe aje Jumatano au Ijumaa alale kwenu na kumshika mtoto hadi asubuhi, wewe ulale chumba kingine na mlango umefungwa.